Bembelezi: Namna ya Kumlaza Mtoto kwa Wimbo

Bembelezi, ambazo wengine huziita pembejezi, ni nyimbo za kumtuliza mtoto anayelia au kumlaza mtoto mwenye usingizi. Katika fasihi simulizi ndizo zinazomfikia binadamu mapema kuliko zote: mtoto huimbiwa kabla hajategewa kitendawili wala kusimuliwa ngano. Mwimbaji wake ni mama, bibi, baba, dada mkubwa aliyeachiwa mdogo wake, au yaya. Hadhira yake ni mtu mmoja, na hadhira hiyo ikisinzia ndipo wimbo unapohesabiwa kuwa umefanikiwa.

Kwa umbo, nyimbo hizi hukaribiana ulimwenguni kote. Huwa fupi, hurudiarudia maneno machache, huenda polepole, na sauti yake haipandi wala kushuka kwa ghafla. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza matokeo ya jaribio ambalo watu wa nchi 60 walisikilizishwa vipande vya sekunde 14 vya nyimbo kutoka jamii 86. Wasikilizaji hao hawakuijua lugha ya nyimbo wala jamii zilikotoka, lakini waliweza kuzitambua zile za kubembelezea watoto kwa kuzisikia tu.

Kinachomlaza mtoto si uzuri wa sauti wala umaarufu wa wimbo. Ni mambo matatu yakikutana: sauti ya mlezi anayemjua, mwendo wa taratibu, na wimbo uleule kurudiwa kila siku mahali palepale katika shughuli za jioni. Mambo hayo yanapatikana katika kila nyumba, yenye nafasi na isiyo na nafasi, na ushauri wote unaofuata umejengwa juu yake.

Wimbo unavyomtuliza mtoto

Mtoto huanza kuitikia sauti akiwa bado tumboni, tangu mwezi wa sita hivi wa mimba, na ile anayoisikia zaidi ni ya mama yake. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walieleza katika jarida la Science kwamba watoto wasiozidi siku tatu tangu kuzaliwa walibadili mwendo wa kunyonya chuchu bandia ili wasikizwe sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Kwa hiyo mama anayedhani hajui kuimba hana sababu ya kuona haya. Kwa mwanawe, sauti hiyo ndiyo iliyotangulia kuwa salama.

Kuimba kuna nguvu kuliko kuongea. Katika Chuo Kikuu cha Montreal, watoto wa miezi 6 hadi 9 wanaotoka katika familia zinazozungumza Kifaransa waliwekwa mahali wasipoweza kumwona mzazi wakasikilizishwa sauti iliyorekodiwa. Waliosikia nyimbo za Kituruki, lugha wasiyoijua, walikaa wastani wa dakika 9 hivi kabla ya kuanza kulalama. Waliosikia maneno ya kawaida, hata yale yanayosemwa kwa sauti ya kudekeza watoto, walivumilia dakika 4 hivi tu. Utafiti mwingine wa Harvard, uliotolewa mwaka 2020, ulipima mapigo ya moyo ya watoto wachanga na kuona kwamba nyimbo za kubembeleza kutoka tamaduni ngeni kwao ziliwatuliza kuliko nyimbo nyingine za tamaduni hizohizo. Umbo la wimbo lenyewe, yaani ule mwendo na ule ulaini, lina kazi yake hata kabla maneno hayajaeleweka.

Mwendo huo unaweza kukadiriwa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga takribani mara 60 hadi 80 kwa dakika, na wimbo wa kumlaza mtoto unafaa kwenda hivyo au polepole zaidi. Njia rahisi ya kuupima ni kuimba huku mlezi akitembea chumbani hatua za uvivu, pigo moja kwa hatua moja. Hatua zikianza kwenda mbio, wimbo umekuwa wa haraka mno.

Wimbo humtuliza pia anayeimba. Mstari mrefu unaoimbwa polepole humlazimu kutoa pumzi kidogo kidogo. Mabega hushuka, mikono hulegea, na mtoto aliyelazwa kifuani huyasikia mabadiliko hayo mwilini mwake. Mlezi aliyekaza misuli na kuimba kwa pupa ili mtoto alale upesi humpa mtoto habari mbili zinazopingana, na mtoto huifuata ile ya mwili.

Umri na mahitaji yake

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa usingizi kwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana, mtoto wa hadi miezi 3 anahitaji saa 14 hadi 17. Wa miezi 4 hadi 11, saa 12 hadi 16. Wa mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14. Na wa miaka 3 hadi 4, saa 10 hadi 13. Wimbo hubadilika kazi kadiri mtoto anavyopita katika ngazi hizo.

Mtoto mchanga hajui usiku wala mchana, kwa kuwa saa ya mwili wake huchukua miezi kadhaa ya mwanzo kujipanga. Kwake wimbo ni wa kutuliza, si wa kufundisha ratiba. Nusu hivi ya usingizi wake ni mwepesi: kope huchezacheza, mdomo hutabasamu, vidole hukunjuka. Kwa umri huu mvumo wa puani, mdomo ukiwa umefungwa, hutosha kabisa, hasa mtoto akiwa kifuani ambako huusikia kwa masikio na kwa ngozi pia.

Mtoto njiti anastahili kuimbiwa kama wengine, ila kwa sauti ya chini zaidi na kwa kufuata maelekezo ya wauguzi. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliohusisha watoto njiti 272 katika hospitali 11 za Marekani. Nyimbo zilizochaguliwa na wazazi na kuimbwa palepale, bila kurekodiwa, zilisaidia kutuliza mapigo ya moyo ya watoto hao, na wazazi wenyewe walipungukiwa na wasiwasi. Njia ya kumweka njiti kifuani ngozi kwa ngozi, iliyoanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 na sasa inayotumika katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, inampa mzazi nafasi nzuri ya kuvumisha wimbo bila kumsumbua mtoto.

Kuanzia miezi 4 hadi mwaka mmoja mtoto huanza kutambua mfuatano wa mambo. Akisikia wimbo fulani kila jioni baada ya kuogeshwa, huuhusisha na kulala. Wapo wanaopiga miayo kwenye mstari wa kwanza. Huu ndio wakati wa kushikilia wimbo mmoja bila kubadili. Baada ya mwaka mmoja na nusu mtoto huanza kuitikia, hudai wimbo wake na hukataa mwingine. Akifika miaka 2 na kuendelea, maneno huwa na maana kwake, kwa hiyo lazima yachaguliwe kwa uangalifu.

Kuchagua wimbo na maneno yake

Wimbo bora wa kuanzia ni ule ambao mlezi aliimbiwa mwenyewe, au aliowasikia wakubwa wakiwaimbia wadogo zake. Anaujua kwa moyo, hatahangaika kukumbuka maneno saa nane za usiku, na anauimba kwa lafudhi ya kwao. Ikiwa ameusahau, bibi au shangazi ataukumbuka, na kupiga simu kumwuliza ni njia mojawapo ya kuuokoa usipotee. Nyimbo za ibada zinazoimbwa polepole, kaswida za upole na tenzi za kanisani, hufaa pia katika nyumba zinazozipenda.

Lugha isiwe kikwazo. Mama Msukuma na baba Mchaga wanaweza kumwimbia mtoto kila mmoja kwa lugha ya kwao, mradi kila wimbo uwe na mahali pake: mmoja wa mchana, mwingine wa usiku. Kwa familia za Waswahili zilizo Maskati, London au Minneapolis, ambako mtoto atasikia lugha nyingine tangu asubuhi hadi jioni, wimbo wa usiku ni nafasi ya hakika ya kusikia Kiswahili kila siku, kwa matamshi ya taratibu yanayorudiwa.

Maudhui ya bembelezi za jadi ni ya aina nyingi. Zipo za sifa, zinazomwita mtoto mfalme, malkia au lulu. Zipo za ahadi, kwamba mama akirudi kutoka shamba au sokoni ataleta chakula kitamu. Zipo za maombolezo ya mlezi mwenyewe, zinazotaja njaa, uchovu au upweke. Na zipo za vitisho, ambazo humwambia mtoto asiponyamaza fisi au zimwi litakuja kumchukua.

Za sifa hazina tatizo lolote. Za ahadi zinafaa mradi ahadi yenyewe iweze kutimizwa. Mtoto wa miaka mitatu aliyeahidiwa andazi atalidai asubuhi. Za maombolezo hazimdhuru mtoto mchanga, kwa sababu yeye husikia ulaini wa sauti, si habari; na kwa mlezi aliyebeba mzigo peke yake, ni mahali halali pa kuutua. Tatizo liko kwenye vitisho. Mtoto wa miezi mitano hajui fisi ni nini, lakini kati ya miaka 2 na 4, fikra zinapoanza kumwumbia asivyoviona, hofu ya giza huongezeka. Mtoto aliyelala kwa kuogopa zimwi huamka usiku akilitafuta. Mlezi anayependa lahani ya wimbo kama huo aibakize na kubadili maneno: fisi naye awe amekwenda kulala pangoni kwake. Nyimbo za mapokeo zimekuwa zikibadilishwa na waimbaji tangu hapo, na hakuna heshima inayovunjwa.

Zisizofaa kwa kulalia ni nyimbo za michezo ya watoto, zenye makofi, kuruka na kuhesabu. Hizo ni nzuri saa nne asubuhi. Jioni humwamsha mtoto aliyekuwa amekwisha kulegea.

Kutunga wimbo wa nyumbani

Familia isiyo na wimbo inaweza kutunga wake, na kazi hiyo haihitaji mshairi. Mistari minne yatosha. Kila mstari uwe mfupi, wa mizani nane kwa mfano. Mwisho wa mistari uwe na kina kimoja. Na picha zitoke katika yale mtoto anayoyaona kila siku. Mfano ni huu:

Kuku kalala bandani,
Ng'ombe kalala zizini,
Mwezi upo mlangoni,
Nawe lala mapajani.

Kila mstari una mizani nane na kina cha *ni*. Mistari miwili ya kwanza inafanana kwa makusudi, ili mwimbaji aliyechoka asilazimike kufikiri. Viumbe vinalazwa kimoja kimoja, na mtoto anafika mwisho kama mwenzao, wala si kama aliyeamriwa peke yake.

Jina la mtoto likiingia, wimbo unakuwa wake. Jina la silabi mbili hukaa mahali pa neno *nawe* bila kuharibu chochote: *Asha lala mapajani*. Jina la silabi tatu huongeza mizani moja, kwa hiyo mstari hupunguzwa kwingine: *Baraka lala pajani*. Mapacha hupewa ubeti mmoja kila mmoja, kwa mpangilio usiobadilika, ili asiwepo wa kulalamika. Familia ya mjini isiyofuga itamtaja paka wa jirani, daladala iliyoegeshwa au taa ya barazani. Ya pwani itataja ngalawa na mnazi.

Lahani iwe ya noti tatu au nne tu, ishuke mwishoni mwa kila mstari, na silabi ya mwisho ivutwe. Irabu zinazovutwa, kama *a* ya *lala*, ndizo zinazobeba ulaini wa wimbo. Mwimbaji aanze kwa sauti ya chini inayomkaa vizuri kooni; akianza juu, mzunguko wa kumi utamchosha.

Mpangilio wa jioni

Wimbo hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa mwisho wa mfuatano unaojulikana. Mwaka 2009 Jodi Mindell na wenzake walichapisha katika jarida la Sleep utafiti wa akina mama 405 wenye watoto wa kati ya miezi 7 na 36. Waliopewa utaratibu mmoja wa kila jioni, yaani kuoga, kukandwa au kupakwa mafuta, kisha shughuli tulivu kama kuimbiwa, na taa kuzimwa ndani ya dakika 30 baada ya kuoga, waliona watoto wao wakilala upesi na kuamka usiku mara chache. Hali ya akina mama wenyewe pia ilipata nafuu.

Katika nyumba ya kawaida mfuatano unaweza kuwa hivi: mtoto ale au anyonye, aogeshwe maji ya vuguvugu, apakwe mafuta kwa kukandwa taratibu kuanzia miguuni, avishwe nepi kavu na nguo nyepesi ya kulalia, taa kali izimwe, chandarua kishushwe, ndipo wimbo uanze. Hatua zote zichukue nusu saa hivi. Muhimu ni mfuatano kuliko saa kamili. Hata siku ya wageni au safari, hatua mbili za mwisho zinaweza kubaki.

Familia nyingi hulala chumba kimoja, na watu wazima hawawezi kuacha shughuli zao saa moja na nusu jioni. Mambo machache yanasaidia: televisheni ipunguzwe sauti na igeuzwe upande mwingine, kanga itundikwe kati ya kitanda na taa, na wakubwa wazungumze kwa sauti ya chini yenye mwendo sawa. Kelele za ghafla ndizo zinazomshtua mtoto. Mvumo wa maongezi ya mbali mara nyingi haumsumbui.

Dalili za usingizi zisingojwe hadi zipite. Mtoto anayefikicha macho, anayevuta sikio, anayekodoa macho bila kutazama kitu au anayepiga miayo yuko tayari. Akipitilizwa huchoka kupita kiasi, huwa mkali, na wimbo uliokuwa ukimtosha kwa dakika tano huhitaji nusu saa.

Kuimba na kumlaza

Mtoto mdogo hupakatwa, huegemezwa begani au hubebwa mgongoni kwa mbeleko. Akiwa mgongoni, uso wake usifunikwe na kitambaa, pua iwe wazi, na mapaja yapanuke kuzunguka kiuno cha mlezi. Kupigapiga mgongo kwa kiganja kufuate pigo la wimbo, na kuyumba kuwe kwa utulivu, upande hadi upande.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani waliwachunguza watoto 21 na kuona kwamba mtoto anayelia hutulia zaidi akibebwa na kutembezwa kwa dakika 5 mfululizo kuliko akipakatwa tu na mtu aliyekaa. Walishauri kwamba akishalala, mlezi akae naye dakika nyingine 5 hadi 8 kabla ya kumweka kitandani, kwa sababu wengi huamka wakati wa kutenganishwa na mwili wa aliyewabeba. Ushauri huo unaoana vizuri na wimbo: tembea na mizunguko ya kwanza, kaa na mizunguko ya mwisho.

Wimbo wenyewe ushuke kwa ngazi. Mzunguko wa kwanza na wa pili huimbwa maneno yote, kwa sauti ya kawaida ya chumbani. Wa tatu huimbwa polepole zaidi, kwa mapumziko marefu kati ya mistari. Kisha hubaki mstari wa mwisho peke yake, ukirudiwa, baadaye neno *lala* tu, baadaye mvumo wa puani, hatimaye pumzi. Wimbo ukikatwa ghafla, ukimya wenyewe humwamsha mtoto.

Dalili za usingizi mzito ni mkono unaoanguka ukiinuliwa, ngumi zilizofunguka, na pumzi zinazokwenda sawasawa. Wakati wa kumlaza, mvumo uendelee, makalio yatangulie kugusa godoro, kichwa kifuate, na kiganja kibaki kifuani mwake kwa muda kabla ya kuondolewa.

Kuanzia miezi minne au mitano ni vema siku nyingine mtoto alazwe akiwa amesinzia lakini hajalala kabisa, na mizunguko ya mwisho iimbwe akiwa kitandani. Mtoto anayelala mikononi kila siku huitaka mikono hiyo kila anapoamka usiku, na mtoto huamka mara kadhaa. Akiamka, aimbiwe wimbo uleule kwa ufupi, gizani, bila mazungumzo wala mchezo. Zoezi hili liende kwa subira. Mtoto akikataa leo, ajaribiwe tena baada ya siku chache.

Wote wanaomlaza mtoto wajue wimbo mmoja. Yaya, bibi, baba na kaka wakubwa wafundishwe maneno na mwendo wake, ili mama akiwa kazini au safarini mtoto asikose kila kitu kwa pamoja. Sauti nzito ya baba haina upungufu: mtikisiko wake kifuani husikika wazi kwa mtoto aliyeegemea.

Simu, redio na rekodi

Rekodi si adui, lakini haichukui nafasi ya mtu. Mlezi anayeimba huona kope zikishuka akapunguza mwendo, simu haioni. Rekodi hufaa pale mlezi anapougua koo, au mzazi aliye mbali anapotuma sauti yake mwenyewe ikiimba wimbo wa nyumbani. Ikitumiwa, iwe sauti bila picha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haupendekezi kioo cha simu au televisheni kabisa kwa mtoto chini ya miaka miwili, na kwa wa miaka 2 hadi 4 muda wake usizidi saa moja kwa siku. Simu iwekwe mita mbili kutoka kichwani pa mtoto, sauti iwe ya chini kuliko ya maongezi, na izimwe akishalala. Masikio ya mtoto ni mepesi kudhurika kwa sauti ya muda mrefu.

Usalama wa mtoto aliyelala

Mtoto chini ya mwaka mmoja alazwe chali kila mara, usiku na mchana, juu ya godoro lisilobonyea, bila mito, midoli wala mablanketi mazito karibu na uso wake. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote kisimwangukie. Mlezi asisinzie na mtoto kwenye kochi au kiti. Ni mahali pa hatari kuliko kitanda. Anayehisi usingizi unamshinda katikati ya wimbo amlaze mtoto kwanza. Mtu aliyekunywa pombe au dawa zinazoleta usingizi asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga.

Hakuna dawa ya kusaidia wimbo. Kumpa mtoto dawa ya mafua au kikohozi ili alale ni hatari kwa upumuaji wake, na asali haifai kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Wimbo usipotosha

Mtoto asiyetulizwa na wimbo anasema jambo, na jambo hilo litafutwe kwa mpangilio: njaa, nepi chafu, joto au baridi, gesi tumboni, uzi uliozunguka kidole, jino linaloota. Mtoto aliyetoka kunyonya acheulishwe kwanza. Katika wiki za mwanzo kilio huongezeka, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, na kwa wengi hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Watu hukiita chango. Wakati huo wimbo huenda usimnyamazishe mtoto, lakini humjulisha kwamba hajaachwa.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, kukataa kunyonya, kupumua kwa haraka au kwa shida, degedege, utosi uliobonyea au uliovimba, na ulegevu usio wa kawaida, ni mambo ya kupelekwa kituo cha afya mara moja. Yasibembelezwe.

Mtoto asiyeshtuka kwa kelele kubwa, au ambaye kufikia miezi sita hageuki akiitwa, apimwe masikio. Akionekana hasikii, kubembelezwa hakumpotei: mtikisiko wa kifua kinachovuma, kiganja kinachopiga pigo lilelile mgongoni, na ishara chache za mikono zinazorudiwa kila jioni humfikishia ujumbe uleule.

Mlezi aliyefika mwisho wa uvumilivu anapaswa kumlaza mtoto chali mahali salama, atoke nje, apumue dakika chache, kisha arudi au aombe msaada. Kumtikisa mtoto kwa hasira, hata kwa sekunde chache, kunaweza kuumiza ubongo wake au kumwua. Mtoto anayelia peke yake dakika tano kitandani yuko salama kuliko mtoto aliye mikononi mwa mtu aliyeshindwa kujizuia.

Faida kwa mwimbaji

Mama aliyejifungua karibuni anahitaji kutazamwa kama mwanawe. Mwaka 2018 Daisy Fancourt na Rosie Perkins walichapisha nchini Uingereza matokeo ya utafiti wa akina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua. Wale wenye dalili za wastani hadi kali waliohudhuria vikundi vya kuimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10 walipata nafuu haraka kuliko waliopata huduma za kawaida peke yake. Huko New York, Carnegie Hall ilianzisha mwaka 2011 mradi unaowakutanisha wazazi wenye maisha magumu na wanamuziki ili kila mzazi amtungie mwanawe wimbo. Jambo kama hilo linawezekana katika kliniki za mama na mtoto za Afrika Mashariki bila gharama yoyote: akina mama wanaosubiri zamu ya mizani wafundishane nyimbo za kwao. Hata hivyo wimbo si tiba ya sonona. Mama anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, au anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, ampate mhudumu wa afya upesi.

Lini kuacha

Hakuna umri uliowekwa wa kuacha kumwimbia mtoto. Wengi wakifika miaka mitano au sita huanza kupenda hadithi kuliko wimbo, na wimbo hujipunguza kutoka mizunguko mingi hadi mmoja. Mlezi afuate mwendo wa mtoto na asikate kwa ghafla, hasa wakati wa mabadiliko kama kuzaliwa kwa mdogo wake, kuhama nyumba au kuanza shule. Mtoto mkubwa anaweza kuumwa au kuota ndoto mbaya akautaka tena wimbo aliokwisha kuuacha, aimbiwe. Na akizaliwa mdogo wake, yeye aliyekwisha kuujua afundishwe kumwimbia, kwa kuwa hivyo ndivyo bembelezi zinavyopata waimbaji wapya.